Jinsi ya kwenda kuoga onseni Beppu na kurudi siku hiyo hiyo, kwa pesa kidogo

Wengi wetu tunaoishi Japani, wanafunzi kwa waliokuja kikazi, tunadhani onseni, yaani mabafu ya chemchemi za maji moto, ni starehe ya matajiri. Sababu ni picha za hoteli za kitamaduni, ambako usiku mmoja pamoja na chakula unaweza kufika makumi ya maelfu ya yeni. Lakini Beppu, mji wa mkoa wa Oita katika kisiwa cha Kyushu, una chemchemi za maji moto zaidi ya 2,000, na wenyeji wenyewe huoga kwenye mabafu ya mtaani kwa yeni mia chache. Huko ndiko ninakowapeleka wageni wangu wakija Fukuoka.

Hatua ya 1: Usafiri

Treni ya Sonic kutoka kituo cha Hakata, mjini Fukuoka, hufika Beppu kwa takribani saa mbili. Basi la masafa marefu huchelewa kidogo, ila nauli yake ni nafuu, na kwa safari hii mimi napendekeza basi. Kata tiketi ya kwenda na kurudi mapema, hasa wikendi, na uondoke asubuhi na mapema.

Hatua ya 2: Mfuko wako

Beba taulo mbili, moja ndogo ya kuogea na moja ya kujifutia, sabuni, mafuta ya kujipaka, chupa ya maji ya kunywa na sarafu za yeni 100 za kutosha. Mabafu ya bei rahisi hayawekei wateja sabuni wala taulo. Ukisahau utauziwa pale kaunta, na hapo nafuu inaanza kupungua.

Hatua ya 3: Nenda Takegawara

Ukitoka kituoni utaona sanamu ya mzee aliyeinua mikono juu. Huyo ni Aburaya Kumahachi, mfanyabiashara aliyeutangaza mji huu kwa watalii. Karibu yake pana birika la maji moto la kutia mikono. Pima joto hapo kwanza. Kisha tembea kama dakika kumi kuelekea baharini mpaka ufike Takegawara, bafu la umma lililoanzishwa mwaka 1879. Jengo la sasa, la mbao na lenye paa kubwa lililopinda, ni la mwaka 1938. Kiingilio ni yeni 300 hivi. Hufunguliwa saa 12:30 asubuhi, kwa hiyo hata ukifika mapema hutasubiri mlangoni.

Hatua ya 4: Kuoga kwenyewe

Hapa ndipo wageni wengi wanapopata wasiwasi, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Vua viatu mlangoni. Wanaume na wanawake wana vyumba tofauti: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Yakariri maandishi hayo mawili, maana rangi za mapazia ya milangoni si za kutegemea kila mahali. Ndani utavua nguo zote. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Simu iache pamoja na nguo. Kupiga picha ni marufuku kabisa.

Pale Takegawara sehemu ya kuvulia nguo iko juu, na ngazi zinakushusha moja kwa moja hadi kwenye birika. Usitafute bomba la mvua, halipo. Chukua beseni dogo, chuchumaa kando ya birika, chota maji ujimwagie ukianzia miguuni kupanda juu. Jisafishe vizuri kwa sabuni, ujisuuze mpaka povu liishe, ukihakikisha halirudi birikani wala halimrukii jirani. Kuingia ukiwa hujajiosha ni kuwachafulia wote, na hilo halivumiliwi. Mwenye nywele ndefu au rasta azifunge juu. Taulo dogo halitumbukizwi; likunje uliweke kichwani.

Maji ni ya moto kweli, mara nyingi yanazidi nyuzi 42. Ingia polepole, kaa dakika tatu au nne, toka upumzike, rudi tena. Usifungulie maji baridi kabla ya kuwaomba ruhusa waliomo. Kichwa kikianza kuwa chepesi, toka mara moja, keti, unywe maji. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kabla ya safari. Aliyekunywa pombe asiingie. Ukimaliza, jifute kabla ya kurudi kwenye nguo zako, usilowanishe sakafu.

Ngozi yako haitakuwa kioja. Chuo kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific kiko mlimani hapo Beppu tangu mwaka 2000, na wazee wa mji wamezoea kuoga na vijana wa kila bara. Salimia kwa kuinamisha kichwa, nao wataitikia.

Na kama dini au staha haikuruhusu kuvua mbele ya watu, usikate tamaa. Mtaa wa Kannawa una mabafu ya faragha yanayokodishwa kwa saa, kwa mfano Hyotan Onsen. Malipo ni ya chumba, basi mke na mume au familia wakigawana, mzigo unakuwa mwepesi. Ni chaguo la heshima kabisa, na kwa wenye watoto naliona bora zaidi.

Mwenye michoro ya mwilini asome bango la mlangoni. Mabafu mengi nchini Japani huikataa.

Hatua ya 5: Chakula cha mvuke

Panda basi la kampuni ya Kamenoi hadi Kannawa, kama dakika 20. Ingia mlango wa nyuma, chukua karatasi yenye namba, na uangalie ubao wa mbele: nauli ya namba yako ndiyo utakayolipa ukishuka.

Mvuke unafuka mitaroni na kwenye mabomba mtaa mzima. Katika jiko la umma la Jigoku Mushi unakodi chungu kinachopika kwa mvuke wa ardhini na kuweka chakula ulichobeba mwenyewe. Nunua mayai, mahindi na viazi vitamu dukani kabla ya kupanda basi. Kwa Mwislamu hii ni nafuu kubwa, maana chakula unakichagua na kukiweka mwenyewe. Vaa glavu wanazokupa, na usiinamie mfuniko unapofunguliwa, mvuke wake unaunguza.

Hatua ya 6: Kurudi

Ondoka Kannawa angalau saa moja kabla ya basi lako la Fukuoka. Jumapili jioni barabara hujaa, na viti vya basi linalofuata huwa vimeshauzwa.