Mrusi yupi? Namna ya kutafsiri na kueleza habari za Urusi kwa Kiswahili

Kiswahili kina neno moja, Mrusi, pale ambapo Kirusi kina mawili. Russkiy ni Mrusi kwa asili: kabila lake ni Kirusi. Rossiyanin ni raia wa Shirikisho la Urusi, awe Mrusi kwa asili, Mtatari, Mchecheni, Myakuti au Mburyati. Mtangazaji wa redio Kampala au mwalimu wa historia Mbale akisema "Warusi" bila kuchagua, msikilizaji hajui ni wepi, na mara nyingi siasa yote ya habari ile imejificha hapo hapo.

Uganda hatuna haja ya mfano wa mbali. Kwa Kiluganda, Baganda ni watu wa Buganda, na Bannayuganda ni wananchi wote wa Uganda. Kiswahili cha Nairobi na Dar es Salaam huwaita wote Waganda, na Mwacholi wa Gulu akiitwa hivyo anajua fika kuna kitu kimepotea njiani. Russkiy amekaa mahali pa Muganda, rossiyanin mahali pa Munnayuganda. Anza kipindi au somo hapo. Dakika tano zinatosha na kila mtu atakuwa ameelewa. Ila usiuvute mfano huo kupita kiasi. Baganda ni karibu mtu mmoja kati ya sita nchini, ilhali Warusi kwa asili ni kama wanne kati ya kila watano waliotaja kabila lao katika sensa ya Urusi ya 2021. Kabila lenye wingi huo linaweza kuiona nchi nzima kuwa ni yake bila hata kujitaja. Watatari, Wachecheni na Wayakuti wana jamhuri zao ndani ya shirikisho. Warusi hawana yao, na wanaotetea ukabila wa Kirusi hulalamikia jambo hilo mara kwa mara.

Kabla ya kutafsiri chochote, itafute matini ya Kirusi. Habari nyingi hutufikia kupitia Kiingereza, ambacho nacho kina neno moja tu, kwa hiyo tofauti inakuwa imeshafutika kabla Kiswahili hakijaiona. Tovuti ya Kremlin, ikulu ya Urusi, huweka hotuba za rais kwa Kirusi na Kiingereza. Fungua ya Kirusi hata kama hujui lugha hiyo, na utazame herufi ya pili ya neno: русский ina у, inayosomwa "u", российский ina о. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl pamoja na F, uandike русск, uone limejitokeza mara ngapi. Kisha tafuta россиян, yaani raia, na российск, yaani "-a Urusi" kwa maana ya dola. Usitafute росси peke yake, maana utaletewa kila mahali palipotajwa Россия, jina la nchi. Nayo русск itakuletea pia русский язык, lugha ya Kirusi, na древнерусский, yaani "-a Rus", dola ya kale. Soma neno linalofuata kabla ya kuhesabu.

Ukishajua ni neno gani, andika hivi na usibadilishe katikati ya habari. Rossiyanin: "raia wa Urusi". Russkiy, mtu: "Mrusi kwa asili" mara ya kwanza, halafu "Mrusi". Rossiyskiy: "-a Urusi", kama jeshi la Urusi au serikali ya Urusi. Russkiy ikiwa sifa: "-a Kirusi", kama fasihi ya Kirusi. Kwa hiyo russkiy mir ni "ulimwengu wa Kirusi", si "ulimwengu wa Urusi". Dhana hiyo, ambayo serikali iliipa hata mfuko wake mwaka 2007, haifuati mpaka wa nchi. Inawahesabu wasemao Kirusi na walioathiriwa na utamaduni wake popote walipo. Ukiandika "wa Urusi" umeirudisha ndani ya mpaka, na hoja yake yote imetoweka. Vivyo hivyo, usiseme "Warusi wameshambulia". Sema "jeshi la Urusi", kwa sababu ndani yake wamo Waburyati, Wadagestani na wengine wengi.

Neno linalowaangusha wafasiri kuliko yote ni natsionalnost. Linafanana na maneno ya Ulaya yenye maana ya uraia, lakini kwa Kirusi ni kabila au asili. Pasipoti ya ndani ya Kisovieti, yaani kitambulisho, iliyoanzishwa 1932, ilikuwa na sehemu ya natsionalnost, maarufu kama mstari wa tano. Pasipoti mpya ya Urusi ya 1997 iliuondoa. Mtu angeweza kuandikwa Myahudi au Mjojia katika mstari huo huku uraia wake ni wa Kisovieti. Ukitafsiri "utaifa", msikilizaji atadhani mtu yule alikuwa mgeni. Andika "kabila". Kwa Uganda hilo halishangazi: Katiba yetu yenyewe ina jedwali la jamii za asili zilizokuwepo tarehe 1 Februari 1926, na uraia wa kuzaliwa umefungamanishwa nalo.

Katiba ya Urusi inahitaji uangalifu wa pekee. Ile ya 1993 inaanza kwa kumtaja "mnogonatsionalny narod", umma wa makabila mengi. Marekebisho ya 2020 yaliongeza katika kifungu cha 68 kwamba Kirusi ni lugha ya "watu waliounda dola", walio sehemu ya muungano wa watu wenye haki sawa. Soma tena: Warusi kama kabila hawakutajwa kwa jina, imetajwa lugha yao. Kwa hiyo ukiandika "Katiba inasema Warusi ndio waliounda dola" umekosea, na ukiyaacha maneno hayo umekosea zaidi. Yanukuu yalivyo, kisha ueleze kwamba njia ya kuwatambua Warusi imepita kwenye lugha. Darasani mwelekeo huo ulikuwa umetangulia: mwaka 2018 sheria ilifanya ufundishaji wa lugha za asili kuwa wa hiari, wakati Kitatari kilikuwa cha lazima katika shule za Tatarstan kwa miaka mingi. Septemba 2019 msomi wa Kiudmurt, Albert Razin, alijichoma moto mbele ya bunge la Udmurtia, jamhuri ya Waudmurt ndani ya Urusi, mjini Izhevsk, akiomboleza kufifia kwa lugha yake. Simulia jambo hilo kwa heshima. Msikilizaji aliyeona wajukuu wake wakishindwa kuongea na bibi yao kwa lugha ya nyumbani hatahitaji maelezo zaidi.

Kisha historia. Rus, dola ya kale iliyokuwa na makao Kyiv na kubatizwa mwaka 988, iache iwe "Rus". Ukiiandika "Urusi ya Kyiv" umeshaamua kesi kabla ya kuisikiliza, kwa kuwa Waukraine nao wanaitaja kuwa chimbuko lao. Sensa ya himaya ya 1897 inaonyesha jinsi tafsiri inavyobadili hesabu: waliosema Kirusi Kikuu, yaani Kirusi tunachokijua leo, walikuwa karibu asilimia 44 ya watu wote, lakini dola iliwahesabu Waukraine kama "Warusi Wadogo" na Wabelarusi kama "Warusi Weupe", na kwa hesabu hiyo Warusi wakawa theluthi mbili. Makala ya Vladimir Putin ya tarehe 12 Julai 2021 kuhusu umoja wa Warusi na Waukraine inarudi kwenye wazo hilo la makabila matatu yaliyo umma mmoja. Kichwa chake kinasema russkiye, hakisemi rossiyane. Hayo ni madai ya undugu wa damu na imani, na ndiyo sababu Kyiv iliyapokea kama tishio.

Kwa mazoezi, chukua maneno ya Putin ya tarehe 3 Machi 2022, alipomsifu afisa wa Dagestan aliyeuawa vitani. Anaanza kwa kusema yeye ni russkiy, kisha anasema ushujaa huo unamfanya atamani kusema: mimi ni Mlak (kabila la afisa huyo), Mdagestani, Mchecheni, Mrusi, Mtatari, Myahudi. Waulize wanafunzi neno russkiy linafanya kazi gani pale mwanzo, na gani pale lilipowekwa katikati ya orodha. Mwanzo ndilo nyumba. Katikati ni chumba kimoja tu. Mwanasiasa huyo huyo, pumzi hiyo hiyo.

Angalia tarehe za vita pia. Urusi husema Vita Kuu ya Kizalendo, ya tarehe 22 Juni 1941 hadi 9 Mei 1945. Si jina jingine la Vita Kuu ya Pili. Ukiyachanganya unaifuta miaka ya 1939 hadi 1941, ukiwemo mkataba na Ujerumani wa Agosti 1939 na jeshi la Kisovieti kuingia Poland tarehe 17 Septemba. Taja pia watu milioni 27 wa Muungano wa Kisovieti waliokufa. Bila idadi hiyo, msikilizaji hataelewa kwa nini 9 Mei hubeba uzito kuliko sikukuu yoyote ya serikali, na kwa nini kumwita adui "Mnazi", yaani mfuasi wa Hitler, kunawasha watu wengi kule.

Kosa la mwisho husikika sana kwenye vipindi vya kupiga simu: "Warusi walitusomesha." Aliyesoma Kyiv, Kharkiv au Odesa zama za Kisovieti alisomeshwa Ukraine, ndani ya nchi ya jamhuri 15 ambamo, kwa sensa ya 1989, Warusi kwa asili walikuwa nusu tu na kidogo juu. Mpigaji simu asikatizwe kwa ukali. Muulize kwa upole, "Mzee, mlisoma mji gani?" Akijibu, andika "Wasovieti" kwenye karatasi yako, na muendelee.