Somo: Mkopo kwa jina la mmoja, nyumba kwa majina ya wawili

Kabla ya hatua yoyote, ieleweke kwamba mkataba wa mkopo husema nani anadaiwa, ilhali hati ya umiliki husema nyumba ni ya nani. Ndiyo maana mmoja anaweza kukopa na wawili wakamiliki, kwa mfano pale mwenza mmoja asipokuwa na kipato cha kudumu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua aina ya umiliki. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, kwa kawaida kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifariki sehemu yake humwendea aliyebaki, na umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana fungu lake, liwe nusu kwa nusu au 60 kwa 40, na anaweza kumwachia amtakaye kwa wosia.

Hatua ya pili ni kumweleza mkopeshaji mapema, kwani wapo wanaoukataa mpango huu, na wanaoukubali aghalabu hupima uwezo wa kulipa kwa kipato cha mkopaji peke yake.

Hatua ya tatu ni rehani, na hapa ndipo asiyekopa hujidanganya. Nusu ya nyumba ni vigumu kuiuza, kwa hiyo mkopeshaji hutaka wamiliki wote watie saini ili nyumba nzima iwe dhamana. Marejesho yakikwama, nyumba huweza kuuzwa pamoja na sehemu ya yule ambaye hakupokea hata senti moja ya mkopo. Asome pia kama anaweka nyumba tu au anafanywa mdhamini, maana mdhamini anaweza kudaiwa mali yake nyingine iwapo mauzo hayakutosha kulipa deni. Kifungu kinachoifanya rehani ifunike madeni yote ya mkopaji, ya sasa na ya baadaye, mimi nisingekisaini bila kuomba kiwekewe kikomo. Wakili wake asiwe yule yule wa mkopaji, hata kama wanapendana na gharama inauma.

Hatua ya nne ni kuandikiana nani alitoa malipo ya awali, marejesho yatahesabiwaje, na anayetaka kujitoa atalipwa kwa thamani ya siku gani. Kisha rehani isajiliwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Ninalipa marejesho yote peke yangu. Je, hisa yangu inaongezeka kila mwezi?

Jibu: Haiongezeki yenyewe. Mgogoro ukifika mahakamani, michango inaweza kuzingatiwa, lakini kuithibitisha ni kazi ndefu. Afadhali makubaliano ya hatua ya nne na risiti zilizotunzwa.

Swali: Mkopaji akifariki, mwenzake anasalimika?

Jibu: Hata akirithi nyumba yote, huirithi ikiwa na rehani yake. Mkopaji akate bima ya maisha inayolingana na deni, na mwenzake ahakikishe mwenyewe kwamba inalipiwa.

Swali: Tumetengana na mwenzangu hayumo kwenye mkopo. Naweza kumwondoa kwenye hati?

Jibu: Huwezi bila saini yake au amri ya mahakama. Hata akikubali, mwulize kwanza mkopeshaji, kwa sababu mikataba mingi ya rehani hukataza kuhamisha hisa bila ridhaa yake.