Somo: Kubadili usukani nyumbani bila kulipua eabegi

Wakuu, usukani wa Corolla yangu ulianza kunata mikononi tangu Kaskazi iliyopita. Anayeegesha gari juani huku Tanga analijua hilo: jua na unyevu wa pwani hula mpira wa juu hadi ukishika ni kama kaimati iliyotoka kwenye shira. Nikapata usukani wa ngozi wa gari la aina hiyohiyo kwenye duka la spea Ngamiani, nikaufunga mwenyewe uani kwangu Makorora. Nilianza baada ya alasiri, magharibi ikanikuta nanawa mikono.

Kazi yenyewe ni nati moja. Kilichonifanya niandike somo ni vitu viwili vinavyohusika na hiyo nati: eabegi (mfuko wa hewa unaojaa gari likigonga) na spairo kebo (utepe wa nyaya unaozunguka na usukani).

Vifaa: spana ya 10 ya betri, bisibisi ya nyota T30, boksi namba 19 na mkono wake, pula ndogo ya usukani (kifaa cha kuung'oa kwenye shafti yake), korekta nyeupe ya kufutia wino. Namba hizi ni za Toyota nyingi za miaka ya 2000. Gari lako likiwa jingine, hakikisha kwanza.

Hatua ya 1. Egesha mahali tambarare, matairi ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa. Zima gari, kisha ufungue waya wa hasi wa betri na uufunge kitambaa usije ukarudi wenyewe. Sasa kaa. Toyota wanasema subiri sekunde 90 au zaidi, kwa sababu mfumo wa eabegi una akiba yake ya umeme hata betri ikiwa nje. Mimi husubiri dakika 10, nakunywa kahawa. Eabegi hujaa kwa takriban sekunde 0.03, yaani hujamaliza hata kufumba jicho. Haraka yako haiwezi kushindana na hiyo.

Hatua ya 2. Pembeni mwa usukani, kushoto na kulia, kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Vitoe taratibu, utaona skrubu za nyota. Zilegeze mpaka zizunguke bure. Nyingi hazitoki kabisa, usizilazimishe. Vuta eabegi kuja kwako, polepole, maana nyuma yake kuna soketi ya njano. Inua kwanza kile kifungio chake kidogo, ndipo uchomoe. Chomoa na waya wa honi.

Eabegi ibebe uso wenye nembo ukitazama mbali na mwili wako. Iweke mezani uso ukiwa juu. Ukiilaza kifudifudi halafu ikalipuka, itaruka yenyewe kama roketi. Na usiipime kwa mita ya umeme hata kwa utani, ule umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua.

Hatua ya 3. Legeza nati ya 19, lakini usiitoe. Iache ikishika nyuzi tatu nne. Shikilia usukani kwa mkono wako mwingine. Usitegemee loki ya stelingi, inaweza kuvunjika. Chora mstari wa korekta kuanzia kwenye shafti hadi kwenye usukani. Funga pula, kaza bolti ya katikati, utasikia “tak”. Ile nati uliyoiacha ndiyo imeuzuia usukani usikugonge meno. Sasa toa pula na nati, kisha utoe usukani, ukipitisha nyaya tundu kwa tundu bila kuzivuta.

Hatua ya 4 ndiyo iliyonitia adabu. Usukani ukitoka, unabaki unaitazama spairo kebo: duara la plastiki lenye utepe wa nyaya uliojikunja ndani, unaopeleka umeme kwenye eabegi na honi huku usukani ukizunguka. Ibandike selotepu hapohapo isizunguke. Mara ya kwanza sikubandika. Nikaingia ndani kuswali, kurudi nikamkuta mwanangu anaizungusha kama kifuniko cha chupa. Nikafunga hivyohivyo. Siku ya pili nakata kona yote kulia, “krak”, utepe umekatika. Taa ya eabegi ikawaka, honi kimya. Mji huu na baiskeli zake, jaribu kupita Ngamiani huna honi.

Ikizunguka, irudishe katikati: izungushe kushoto kwa vidole mpaka igome, kisha kulia kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Idadi kamili mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chake.

Kurudisha ni kinyume chake. Linganisha alama, kaza nati kwa nyutoni mita 50 hivi kwa Toyota nyingi, chomeka soketi ya njano mpaka ilie. Betri iwe ya mwisho, na asiwepo mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Washa swichi ukiwa umesimama pembeni: taa ya eabegi iwake sekunde chache, izime.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sina pula. Fundi wetu anagonga na nyundo kwa nyuma, unatoka. Kuna ubaya?
Upo. Shafti ya stelingi imetengenezwa ijikunje wakati wa ajali isikuchome kifua. Nyundo inaweza kuiharibu na usijue mpaka siku ya ajali. Acha nati kwenye nyuzi, vuta kwa viganja viwili, kulia kushoto. Ukigoma, kaazime pula.

Nataka usukani mdogo wa michezo, usio na eabegi. Jamaa kasema ataweka rezista taa isiwake.
Kuzima taa anaweza. Siku ukigonga, kifua chako ndicho kitakachojua kama taa ilisema kweli. Mimi siwezi kukushauri.

Eabegi ya mtumba je? Dukani wanauza pamoja na usukani.
Mimi nilinunua usukani mtupu, nikarudisha eabegi yangu. Eabegi za Takata, kampuni ya Japani, ziliitwa kurudishwa kwa mamilioni duniani, kwa sababu kemikali ya ndani huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inatupa vipande vya chuma. Sasa fikiria joto na unyevu wa hapa kwetu. Hata ile iliyomo garini mwako, tafuta namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uangalie kama imo kwenye zile zilizoitwa kurudishwa.

Shikamoo kaka. Nimefuata yote, lakini nikienda Pongwe barabara imenyooka, usukani umekaa upande.
Marahaba, dada. Kabla hujafungua ulikuwa umenyooka? Kama ndiyo, umeruka jino moja la shafti ulipofunga usukani: rudia kuanzia hatua ya 1, betri na kusubiri kwake. Kama ulikuwa upande tangu zamani, usiuguse, peleka gari likapimwe alaimenti (mpangilio wa matairi).