Bastola ya mashindano Marekani: anza na mkanda, triga iwe ya mwisho

Kabla ya kufungua pochi, tazama viza. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama mwanafunzi wa F-1 au mfanyakazi wa H-1B, kuwa na bunduki au risasi. Hata ya kuazima uwanjani kwa dakika tano inahesabika. Njia inayotumika zaidi ya kuruhusiwa ni kuwa na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye Green Card hahitaji hiyo, ila sheria za jimbo lake zinamhusu kama raia.

Mwongozo huu ni wa mechi za USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya bastola ya kupiga kwa kasi na shabaha, na bastola ya milimita 9 kama ilivyotoka kiwandani inatosha kabisa kuanzia. Chagua kwanza kundi utakalopigia. Production ni ya vilengeo vya kawaida, na magazini haipakiwi zaidi ya risasi 15. Carry Optics ni ya wenye doti (kilengeo cha kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga), na kikomo chake ni urefu wa magazini: milimita 141.25 pamoja na kitako. Ukinunua vifaa kabla ya kuchagua kundi, kuna siku utaambiwa usogee kwenye kundi la bastola za maelfu ya dola.

Pesa ya kwanza iende kwenye mkanda na holsta (ala ya bastola). Mkanda mzuri ni wa tabaka mbili: wa ndani unapita kwenye luksi za suruali, wa nje mgumu unagandamana nao kwa velkro. Holsta iwe ya plastiki ngumu, ya modeli yako hasa, na ifunike triga yote. Ile ya nailoni ya "saizi zote" iache dukani. Bastola ikidondoka wakati wa zamu yako, mechi yako imeishia hapo, iwe na risasi au haina.

Magazini ni hesabu tu. Zamu ndefu huwa na mipigo isiyozidi 32, kwa hiyo mtu wa Production anahitaji tatu, ya nne ya kufidia atakazokosa, na ya tano kwa ile itakayogoma. Ziandike namba kwa rangi. Bastola ikikwama mara mbili na zote ni namba 3, umeshajua mgonjwa ni nani. Ndani zisafishwe kwa brashi kavu. Ukitia mafuta, vumbi linageuka tope. Na kumbuka mipaka ya majimbo: ukihama Texas kwenda New Jersey, magazini ya risasi 17 usihame nayo, kikomo cha huko ni 10.

Doti ndipo watu wengi wanapoharibu. Ukubwa wake hupimwa kwa MOA, kipimo cha pembe: ya MOA 6 hufunika kama sentimita 4.4 kwenye mita 25, na jicho huiona haraka. Ya MOA 2 ni ndogo mno kwa anayeanza, ataitafuta hewani huku saa inahesabu. Kwenye kuifunga usiwe na haraka. Futa matundu na skrubu kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya skrubu ya bluu (nyekundu haitoki bila moto, na moto utaua doti), kaza kwa bisibisi ya kipimo hadi kiwango cha mtengenezaji, mara nyingi paundi-inchi 12 hadi 15, kisha iache saa 24. Mwisho chora kamstari ka rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye doti. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

Urefu wa skrubu nao una balaa lake. Kwenye Glock, skrubu ya kulia ikiwa ndefu kupita kiasi inagusa kijiti kinachosukuma ndoano ya kutolea maganda. Doti imekaa vizuri, bastola inapiga, ila maganda hayatoki. Mtu hubadilisha ndoano, springi, hata risasi, na kosa ni la milimita moja.

Jamaa wa Nairobi au Arusha akikuagiza doti au mtutu, usitie sandukuni. Vipuri vya bunduki na vilengeo vinadhibitiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani vinapotoka nchini, na nyumbani navyo vinataka kibali.

Risasi zina hisabu yake: uzito wa kichwa kwa greini, mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Jibu lisipungue 125. Kichwa cha greini 147 kikienda 850 unapata 124.95, na hiyo ni sifuri. Utapiga mechi nzima bila alama. Lenga 130, hasa Minnesota, ambako baridi hupunguza kasi ya baruti.

Kwa wanaovaa hijabu: kitambaa kikipita chini ya kizuia sauti cha masikioni kinavujisha kelele. Vaa plagi za masikio kwanza, kisha kizuia sauti juu yake.

Sasa triga. Wepesi wake mara nyingi hutoka kwenye springi laini ya pini inayogonga risasi, na springi laini hugonga fataki (kile kidude kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) kwa unyonge. Fataki za Federal zitalipuka. Za CCI, ambazo ni ngumu, huenda zikakuachia "klik" tupu. Springi ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ukipiga, nayo inaingia humo. Katika Glock 17 ya kizazi cha 3, ukiweka ya paundi 13 badala ya 17 huku ya pini ni ya kiwandani, ya pini inaweza kuishinda na slaidi isifunge. Jaribu hivi: toa magazini, kagua chemba mara mbili, elekeza mtutu juu upande salama. Bana triga usiiachie, vuta slaidi nyuma kabisa, kisha iachie polepole kwa mkono. Inatakiwa ijifunge hadi mwisho. Ikisita hata kwa unene wa kucha, rudisha springi ya kiwandani kabla ya siku ya mechi.