Kabla ya Kulenga Mbali: Kufunga Darubini ya Bunduki Ukiwa Malindi

Asubuhi moja ya kusi niliulaumu upepo kwa kila risasi iliyokwenda kombo. Nilibadilisha hesabu mara nne, mpaka nikaishika darubini kwa mkono ikacheza: skrubu ya pete ya mbele inayoishikilia kwenye bunduki ilikuwa imelegea. Tangu siku hiyo kazi ya shabaha ya mita 600 naianzia mezani nyumbani, siku mbili kabla ya safari.

Leseni iwe hai na uwanja uwe umeidhinishwa. Kisha toa magazini, fungua komeo, tazama ndani ya chemba na uipapase kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine. Hapo ndipo bisibisi ishikwe.

Hewa yetu ya bahari haina huruma kwa chuma. Fungua skrubu zote, hata zile unazoamini zimekaza, kwa sababu yenye kutu hudanganya mkono: unahisi imebana kumbe ni kutu tu inayokwaruza. Futa pete na reli, yaani kipande cha juu ya bunduki zinapobana, zikauke kabisa, zisibaki na mafuta mahali pa kubana.

Sasa lala kama utakavyolala uwanjani. Fumba macho, laza shavu kwenye kitako, kisha fumbua. Ukiona duara zima lisilo na kivuli cheusi pembeni, darubini imekaa mahali pake. Kwa nyingi ni kama sentimita 9 kutoka jichoni. Ukilazimika kunyoosha shingo, isogeze darubini, shingo iache.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni wima wa msalaba wa ndani. Ning'iniza mshipi wenye chubwi ukutani, mahali pasipo upepo, nayo ni timazi tosha. Sawazisha bunduki kwa pimamaji, kisha zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya mshipi. Bunduki ya risasi za kipimo cha .308 iliyorekebishwa kwa mita 100 huhitaji mlengo wake kupandishwa takriban mita 2.6 ili kufika shabaha ya mita 600. Msalaba ukiinama nyuzi 3 tu, risasi itakwenda pembeni karibu sentimita 14, na utaapa ni upepo.

Kaza skrubu za pete kidogo kidogo, kwa kupishana, ukitumia bisibisi yenye kipimo. Pete nyingi hutaka nyutoni-mita 2 hivi, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Matuta ya barabarani yakiilegeza, mstari utakatika na utaona papo hapo.

Uwanjani, kabla ya kwenda mbali, jaribu vifundo vya darubini, vile vya kuzungusha ili kurekebisha mlengo, kwa mita 100. Chora kwa timazi mstari wa mita 1 kwenye karatasi ndefu, piga mwisho wake wa chini, kisha pandisha mili 10 (mili moja ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100) huku ukilenga alama ileile. Risasi sharti zipande mita 1 kamili, juu ya mstari. Zikipungua sentimita 3, andika daftarini, maana kasoro hiyo itakuwa kwenye kila hesabu yako.

Ukirudi, usiifungie bunduki kwenye mfuko wenye sponji, kwani sponji hunyonya unyevu wa chumvi. Lenzi ipulizwe mchanga utoke kwanza, ndipo ifutwe.