Saa Nyeusi ya Michezo: Ujue Weusi Wake Kabla Hujainunua

Chuma kilichosuguliwa humetameta kila upande. Kasha jeusi humeza mwanga, jicho likabaki na mishale na tarakimu. Porsche Design walipotoa saa ya Chronograph I mwaka 1972, waliiga dashibodi ya gari: nyeusi, isimrudishie dereva mng'aro machoni. Mvuto ulianzia hapo, na kwangu mimi haujapungua.

Hatua ya 1. Uliza weusi umetoka wapi. PVD ni utando wa maikroni chache tu juu ya chuma. DLC ni utando wa kaboni, mgumu zaidi. Kauri (seramiki) ni habari nyingine: kasha la Omega Speedmaster Dark Side of the Moon ya 2013 ni jeusi mpaka ndani, hivyo hakuna cha kubanduka.

Hatua ya 2. Washa tochi, inamisha saa, pitia kingo polepole. Hapa usiharakishe hata kidogo. Utando huanza kuisha kwenye ncha zinazoshika mkanda, kisha kwenye bizimu, maana hiyo husuguana na meza mchana kutwa. Utaona uzi mwembamba wa rangi ya fedha. Bizimu ikiwa nyeusi tii huku ncha zimechakaa, uliza kama ilibadilishwa.

Hatua ya 3. Hakikisha weusi ni wa kiwandani. Rolex hawauzi Submariner yenye kasha jeusi. Ukiletewa, ujue imepakwa na mtu mwingine na dhamana imekwenda.

Maswali ya wanachama

*Yangu ya PVD ina mikwaruzo. Niipige msasa?*
Usithubutu, utautoa utando wenyewe. Na kama ni ya zamani, mfano Heuer Monaco nyeusi ya miaka ya 1970, iache ilivyo. Watozaji wengi huthamini uchakavu wa asili kuliko rangi mpya.

*Uso mweusi, mishale myeusi: inasomeka kweli?*
Kwa taabu. Hublot walipotoa Big Bang All Black mwaka 2006, walitanguliza sura, majira yakafuata. Mimi ningechagua yenye mishale myeupe.

*Kauri ikianguka je?*
Haikwaruziki kirahisi, lakini ikipiga sakafu ya vigae pembe yaweza kumeguka. Fundi hana cha kuziba pale. Hubadilishwa kasha zima.