Kuandaa slaidi ya mitosisi kwa ncha ya mzizi wa kitunguu

Slaidi ya mitosisi (mgawanyiko wa seli) isipoonyesha kitu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulaumu hadubini. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla: kipande cha mzizi kilikuwa kikubwa mno, au asidi haikupewa muda wake.

Siku tatu au nne kabla ya zoezi, kwangua mizizi mikavu ya kitunguu maji, kisha kiweke juu ya mdomo wa chupa ili kitako tu kiguse maji. Badilisha maji kila siku. Otesha viwili vitatu vya ziada, maana vingine hutiwa dawa ya kuzuia kuchipua na havitoi mizizi.

Mizizi ikifika sentimita 1 hadi 2, ikate na uitumbukize kwa saa 24 katika mchanganyiko wa etanoli sehemu 3 na asidi asetiki isiyo na maji sehemu 1. Humo seli hufa mara moja na kubaki katika hatua ileile zilimokuwa. Changanya siku hiyohiyo. Mchanganyiko ukilala, etanoli na asidi huanza kugeuka esta (kemikali nyingine). Mizizi ya kutumika baadaye ikae kwenye etanoli ya asilimia 70, ndani ya friji.

Sasa hatua inayoamua yote. Vaa miwani ya kinga, pasha asidi hidrokloriki ya mola 1 hadi nyuzi 60 za Selsiasi, *ndipo* utie mizizi, kwa dakika 5 hadi 8. Asidi hulegeza pektini inayoshikanisha seli. Muda ukipungua, seli hubaki zimerundikana na huoni kitu; ukizidi, ncha husambaratika kwenye koleo na kromosomu hazishiki rangi vizuri. Suuza kwa maji mara mbili au tatu.

Juu ya slaidi, bakiza milimita 1 hadi 2 tu za ncha iliyochongoka, mengine tupa. Kutupa kunauma, lakini seli zinazogawanyika ziko hapo. Za juu zaidi zinarefuka tu. Dondoshea aseto-orsini (rangi inayoonyesha kromosomu), ngoja dakika 5 hadi 10, ponda kwa sindano, funika kwa kioo chembamba. Weka karatasi ya kunyonya juu yake, ubonyeze kwa kidole gumba moja kwa moja kwenda chini. Kioo kikiteleza pembeni, seli hujiviringisha na slaidi imeharibika.

Anza na lenzi ya 10. Ukiona seli ndefu kama matofali, umetoka kwenye ncha. Tafuta zile za mraba, kisha panda hadi lenzi ya 40. Kitunguu kina kromosomu 16, ila usitegemee kuzihesabu zote bila kutumia kolkisini, kemikali inayosimamisha mgawanyiko katikati. Seli nyingi zitakuwa katika intafezi (kipindi kabla ya kugawanyika), na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa kipeo cha mitosisi (asilimia ya seli zinazogawanyika), hesabu angalau seli 200 katika sehemu kadhaa za slaidi, gawanya zilizo kwenye mgawanyiko kwa jumla, zidisha kwa 100. Seli zilizokatwa na ukingo wa duara la kuonea, amua mapema kama utazihesabu, na usibadilishe katikati.